Jinsi ya kupanga dau kwenye gurudumu la Stardew Valley

Stardew Valley, mchezo wa kilimo uliotengenezwa na Eric Barone na kutolewa mwaka 2016, ulifika kwenye simu za Android mwaka 2019, na kwa kuwa hauhitaji intaneti ukishapakuliwa, mtu wa Arua au Jinja anaweza kuucheza jioni nzima bila kumaliza bando. Ndani yake, tarehe 16 ya msimu unaoitwa Fall, kijiji hufanya maonyesho ambayo milango yake iko wazi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Hapo kuna gurudumu lenye rangi mbili, kijani na chungwa, ambalo mchezaji huliwekea dau la tokeni za nyota: rangi aliyoichagua ikitoka, dau linarudi mara mbili, isipotoka, dau limekwenda. Tunda la Stardrop, linaloongeza nguvu ya mhusika wako kwa 34 na kubaki hivyo daima, huuzwa hapo kwa tokeni 2,000, na ndilo linalowapeleka wengi kwenye gurudumu.

Anza kwa kutafuta mtaji. Panga meza yako ya maonyesho vizuri, kwa kuchanganya mazao, samaki, madini na bidhaa za mifugo zenye ubora wa juu, kwa sababu alama 90 au zaidi hukupa nafasi ya kwanza pamoja na tokeni 1,000. Nafasi ya pili hutoa 500, ya tatu 200. Tokeni huuzwa pia, moja kwa vipande 50 vya dhahabu, lakini ukinunua zote 2,000 utatoa dhahabu 100,000, nazo katika mwaka wa kwanza wa shamba ni nyingi mno.

Jambo la pili ndilo lenye uzito. Gurudumu limechorwa nusu kwa nusu, na macho yatakuambia kwamba rangi zote mbili ni sawa, lakini mchezo umepangwa ili kijani itoke mara 3 katika kila 4. Weka kijani kila mara, bila kujali kilichotoka mzunguko uliopita. Wapo wanaohamia chungwa baada ya kijani kutoka mara nne mfululizo, wakiamini kwamba zamu yake imefika. Gurudumu halikumbuki chochote, na kila mzunguko huanza upya na uwezekano uleule.

Sasa swali la kiasi cha dau. Tuseme una tokeni 1,000 na unataka kufikisha 2,000. Ukiziweka zote mara moja, una nafasi ya asilimia 75. Ukigawa mtaji na kuweka 500 kila mara mpaka ufike au ufilisike, nafasi hupanda hadi asilimia 90. Kwa dau la 250, utashindwa mara moja tu katika majaribio 82, na kwa dau la 100, mara moja katika majaribio 59,050. Sababu yake ni rahisi kuiona: kila mzunguko wa tokeni 100 hukuachia wastani wa faida ya 50, na kadiri mizunguko inavyoongezeka ndivyo bahati mbaya ya mara mojamoja inavyomezwa na wastani huo. Kwa dau la 100 utahitaji kwa wastani mizunguko 20 hivi, na kwa kuwa saa ya mchezo husimama wakati wa maonyesho, hakuna kinachokuharakisha isipokuwa betri ya simu.

Asiyeamini hesabu anaweza kuijaribu kwa sarafu mbili za shilingi 500 za Uganda. Zirushe pamoja, ukiona upande wenye korongo kwenye sarafu moja au zote mbili, umeshinda, na ukikosa korongo kabisa, umeshindwa. Uwezekano huo ni 3 kwa 4 kamili, sawa na wa kijani. Tumia punje za maharagwe badala ya tokeni, cheza raundi kadhaa kwa madau tofauti, kisha ulinganishe.

Mbinu maarufu ya kuongeza dau maradufu kila unaposhindwa haina kazi hapa, na kwa maoni yangu inasifiwa kuliko inavyostahili. Ukianza na 100 kisha 200 kisha 400, kushindwa mara tatu kumekwisha kula 700, na zilizobaki 300 hazitoshi dau la 800 linalofuata. Kwenye kijani hilo hutokea mara moja tu katika 64, lakini kwa nini ujitafutie shimo wakati dau lisilobadilika linakufikisha kwa usalama zaidi?

Ni lazima kusisitiza kwamba ushauri huu wote unasimama juu ya ile asilimia 75. Kwenye ruleti, yaani gurudumu la kasino, yenye sufuri mbili, mchezaji wa rangi hushinda mara 18 katika 38, na hesabu hujipindua: anayetaka kugeuza 1,000 kuwa 2,000 kwa dau moja ana nafasi ya asilimia 47, ilhali anayeweka 100 mojamoja hubaki na asilimia 26 hivi, kwa kuwa kila mzunguko wa ziada ni ushuru mwingine anaoulipa kwa mwenye meza. Kwa hiyo mtu asichukue uzoefu wa gurudumu la kijijini akaupeleka kwenye vibanda vya kubeti vya Kampala. Tena sheria ya Uganda ya mwaka 2016 kuhusu bahati nasibu na michezo ya kubahatisha hairuhusu kamari kwa aliye chini ya miaka 25.

Mchezaji asiye na lengo maalumu, anayetaka tu tokeni zikue haraka, anaweza kufuata kanuni iliyoandikwa na mtafiti John Kelly mwaka 1956. Kwa mchezo unaolipa dau sawa kwa sawa, chukua uwezekano wa kushinda, uuzidishe kwa mbili, utoe moja, kwa 0.75 jibu ni 0.5, yaani nusu ya ulichonacho kila mzunguko. Hesabu yako itapanda na kushuka vibaya njiani, na mimi ningependekeza robo badala ya nusu.

Ukifilisika kabisa, usilale. Kwa kawaida mchezo huhifadhi maendeleo mhusika anapolala, hivyo ukitoka na kuufungua tena, utajikuta asubuhi ya tarehe 16. Wengine huita huo udanganyifu. Katika mchezo unaoucheza peke yako sioni anayedhulumiwa.

Kabla ya kuondoka, tazama tena duka la maonyesho. Tokeni zilizobaki hazivuki kwenda mwaka unaofuata, na sanamu adimu ya kufukuzia ndege huuzwa hapo kwa 800, kwa hiyo anayeitaka pamoja na Stardrop apange kufikisha 2,800 tangu mwanzo, aongeze mizunguko, na dau aliache palepale kwenye 100.