Vyumba vyako vinapougua pamoja na wewe

Kiharusi kilinipata mwezi wa tatu, alfajiri, nikitawadha. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito, na vyumba vyangu vinane vya Mbagala vikakaa miezi mitano bila msimamizi. Nayaandika haya kwa mwenye nyumba mwenzangu ambaye mambo yote anayo kichwani.

Anza na tarehe za kodi. Wapangaji wangu wote walikuwa wanalipa miezi sita sita, Januari na Julai. Raha sana, unashika fungu la maana kwa mkupuo. Mimi naumwa Machi, fungu la Januari limeshakuwa bati na saruji za fremu mpya. Hospitali inataka hela; huwezi kung'oa matofali ukayapeleka dirishani. Na wapangaji hawakuwa na deni langu hata senti. Dalali mmoja akaja wodini kunipa pole, mnunuzi wa vyumba kaja naye, kwa nusu ya bei. Mke wangu alimtoa nje.

Sasa nimewatawanya: watatu wanalipa Januari, watatu Machi, wawili Mei, kisha mzunguko unarudi. Kumhamisha mtu ni rahisi: mara moja tu pokea kodi ya miezi miwili au minne, halafu aendelee na sita zake. Kodi ya chumba kimoja haiguswi, hiyo ni ya matibabu.

Daftari nalo. Mpwa wangu alipokwenda kukusanya Julai, wa chumba namba tano akamwambia, "Mzee alinipunguzia, ni arobaini." Kodi ni sitini. Mpwa akaja kuniuliza, nikatikisa kichwa kwa nguvu zote, yeye akadhani ni ugonjwa unanitetemesha. Andika jina, tarehe ya kuingia, kiasi, amelipa hadi lini, na mpangaji asaini kila akilipa. Daftari likae mahali ambapo mkeo au mumeo anapajua.

Kodi zisiingie kwenye simu yako peke yako. Zangu ziliingia, salio linasoma, namba ya siri nimeisahau. Tulifungua akaunti ya pamoja benki, yeyote kati yetu anatoa.

Kisha nenda kwa wakili ungali mzima, akuandikie hati ya uwakilishi, karatasi inayompa mtu unayemwamini ruhusa ya kutenda kwa niaba yako. Taja kazi moja moja: kukusanya kodi, kusaini mikataba ya upangaji, kufuatilia bili. Kuuza kusiwemo. Usisubiri ugonjwa, maana hati inataka mtu mwenye akili timamu anayeelewa anachosaini. Na ukifa hati nayo inakoma, kwa hiyo wosia uandikwe peke yake.

Kodi ya jengo haikunisumbua. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, wapangaji wakinunua umeme imelipwa.

Kilichonitia aibu ni choo. Shimo lilijaa Aprili, kila mpangaji akamngoja mwenzake, harufu ikafika mpaka kwa jirani. Siku hizi mama wa chumba namba moja nampunguzia 10,000 kwa mwezi, yeye ndiye anaita gari la kunyonya majitaka na fundi bomba bila kuniuliza, gharama zinakatwa kwenye kodi yake. Risiti ananipigia picha na kunitumia WhatsApp. Mimi namjibu kwa sauti. Ulimi umerudi, vidole bado.