Shina la chini la mtufaha, kwa shamba la Molo

Wanaonunua miche ya tufaha kwangu huniuliza jina la tunda. Anna iko? Dorsett Golden je? Wanauliza vizuri, maana hizo mbili hazidai baridi nyingi ili zichanue, na zikipandwa pamoja huchavushana. Ila mche uliopandikizwa ni miti miwili iliyounganishwa. Kikonyo cha juu kinakupa tunda. Shina la chini, lenye mizizi, ndilo linaloamua mti utafika wapi kwa urefu, utaanza kuzaa lini na utavumilia udongo gani.

Wachache wanaouliza habari za shina huwa wameshasoma kwenye simu. "Mama, nitafutie linalostahimili baridi. Nasikia Bud 9 na Antonovka ndizo zenyewe." Ni kweli, huko kwao. Zote mbili ni za Urusi, nchi ambayo ardhi yenyewe huganda wakati wa kipupwe na mizizi dhaifu hufia humo humo. Huku kwetu Molo, katika nyanda za juu za Kenya, hata kule Mau Summit, jalidi hulala juu ya nyasi alfajiri na kufikia saa tatu imeyeyuka. Udongo haugandi. Jalidi yetu huunguza maua, na hakuna shina la chini litakaloyaokoa maua. Kinachoyaokoa ni mahali ulipopanda. Hewa baridi huteremka na kutuama bondeni, kwa hiyo panda kwenye mteremko. Kama huna budi kupanda bondeni, usichukue mti mfupi: usiku usio na mawingu, baridi huwa kali zaidi karibu na ardhi, na maua ya mti mfupi yako hapo hapo.

Adui wa mizizi huku ni maji. Mvua ya masika ikipita, tunapata nyingine Julai na Agosti, na penye mfinyanzi maji yanakaa. Shingo ya mti, pale unapokutana na udongo, inaoza; majani yanageuka rangi kabla ya wakati wake, na ukikwangua gamba unakuta kahawia badala ya kijani. Basi kabla hujaagiza chochote, chimba shimo la sentimita 60, lijaze maji, yaache yanywewe, kisha lijaze tena jioni. Asubuhi ukikuta shimo limekauka, una uhuru wa kuchagua. Ukikuta maji, hamia sehemu nyingine ya shamba au inua matuta, na ufute shina la chini liitwalo MM106 kwenye orodha yako, kwa kuwa huoza shingo upesi sana penye unyevu.

Penye udongo mwekundu wenye kina, unaopitisha maji, MM106 ni shina zuri. Mti wake hufika mita 4 hivi, hujisimamia ukishashika, na huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Ndugu yake MM111 ni mkubwa zaidi na mzito kidogo kuzaa, lakini mizizi yake huvumilia kiangazi na udongo hafifu, na shingo yake haiozi kirahisi kama ya MM106. Mimi mteja asiyejua udongo wake vizuri humpa MM111, hata akinung'unika kuhusu kungoja. Hizi mbili zilizalishwa Uingereza kwa makusudi ya kushinda vidukari wenye sufu nyeupe, wale wanaovimbisha matawi na kujificha hata mizizini, na huku hao wadudu hawakosi kazi.

M9 ndiyo inayopendeza kwenye picha: mti wa mita 2 hadi 3, matunda unayachuma umesimama chini, na mwaka wa pili au wa tatu tayari umeonja. Lakini mizizi yake ni mifupi na huvunjika, haiwezi vidukari hao, na mti unataka nguzo maisha yake yote. Hesabu pia idadi. Robo ekari ya MM106 kwa mita 4 kila upande inachukua miche kama 63. M9, mita moja na nusu kwa tatu na nusu, inataka karibu 190, na nguzo au waya kwa kila mmoja. Asiye na maji ya kumwagilia Januari aiache.

Ukifika kitaluni, kwa macho huwezi kutofautisha shina moja na jingine. Uliza: shina hili linaitwaje, na lilizalishwaje? Mashina yenye majina hupatikana kwa kufukia mti mama udongo hadi vichipukizi vyake vitoe mizizi, na kila kimoja hufanana na mama. Yaliyooteshwa kwa mbegu kila moja lina tabia yake. Hayafi, ila huwezi kupanga nafasi. Anayejibu "ni tufaha tu" muage kwa heshima. Wala usimwombe shemeji aliye Ulaya akutilie vijiti kwenye sanduku. Mimea huingia nchini kwa kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, maana magonjwa nayo husafiri.

Siku ya kupanda, kovu la kupandikizia libaki sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, hata baada ya udongo kushuka. Ukilifukia, kikonyo kitatoa mizizi yake chenyewe na hilo shina ulilolilipia halitakuwa na amri tena juu ya mti. Vichipukizi vinavyotoka chini ya kovu ving'oe vingali laini. Halafu kuna fuko, ambaye kwetu ameua miche mingi kuliko jalidi: tandika wavu wa waya chini ya shimo na kwenye kuta zake kabla ya kurudisha udongo, hasa kama hapo palikuwa na viazi msimu uliopita.