Mchicha wa kiangazi Mtwara: panga matuta ili usikose mboga hata siku moja

Nalima mchicha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kwenye mchanga mtupu. Mwaka wa kwanza nilipanda matuta yote kumi siku moja. Wiki ya nne ukawa tayari wote kwa mpigo: mwingine nikauza kwa bei ya kutupa, mwingine ukatoa maua shambani. Mama mmoja wa genge akaniambia, "Mwanangu, mchicha wako mzuri, ila leo upo, kesho haupo. Mteja wangu anakula kila siku." Tangu hapo nalima kwa kalenda.

Msimu nao una maana yake. Mvua zetu ni za mkupuo mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kifuku kila nyumba ina majani ya maboga, kunde na mlenda, nani ahangaike kununua mchicha? Kiangazi hayo yote yanakauka. Halafu Oktoba minada ya korosho ikianza, hela inaingia mitaani na magengeni kunachangamka. Mimi hutaka matuta yangu yawe kwenye mzunguko kamili kabla ya hapo.

Hatua ya 1: Hesabu ndoo kabla ya kununua mbegu

Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, kwenye mchanga huu na jua la Septemba, nalimwagilia lita 60 hivi kwa siku: keni tatu za lita 10 asubuhi, tatu jioni. Matuta kumi ni lita 600, yaani ndoo kubwa 30, kila siku, Idi na Jumapili zikiwemo. Kama unateka kwa kamba na uko peke yako, anza na matuta matano. Kisima kikiwa karibu na bahari, onja maji yake, na uyaonje tena kiangazi kikikolea, maana chumvi hupanda.

Hatua ya 2: Tuta la kuzama

Wengi huinua tuta kwa mazoea. Hilo ni la kifuku. Kiangazi fanya kinyume: chimba uso wa tuta ushuke kama kina cha kiganja, udongo uliotoa uwe kingo pembeni. Maji yanabaki ndani badala ya kukimbilia njiani. Changanya ndoo tatu au nne za samadi iliyooza vizuri. Mbolea ya kuku mbichi usiiguse, inaunguza miche. Irundike, iloweshe, igeuze mpaka ipoe na iache kunuka.

Hatua ya 3: Jaribu mbegu, kisha sia

Niliwahi kununua mbegu dukani, pakiti inang'aa, hazikuota hata robo. Siku hizi nahesabu mbegu 100, nazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, nafungua siku ya tano. Zikiota chini ya 70, naongeza kiasi cha kusia au nazirudisha.

Lowesha tuta kwanza. Vijiko viwili vya chakula vya mbegu vinatosha tuta zima. Changanya na bakuli la mchanga mkavu ili zisidondoke mahali pamoja. Fukia kwa kupitisha mkono tu, tandaza nyasi kavu, mwagilia juu yake. Zungushia majivu, la sivyo sisimizi watakuhamishia mbegu shimoni mwao. Miche ikianza kuchungulia, ondoa nyasi jioni, si mchana. Ukichelewa inarefuka, inapauka na kulala.

Hatua ya 4: Kalenda

Sia tuta moja kila baada ya siku tatu. Siku ya 24 anza kuvuna tuta la kwanza, ukiling'oa kwa siku tatu: siku ya kwanza ile mikubwa, midogo ibaki ipate nafasi na kunenepa. Siku ya 27 tuta liko tupu. Siku tatu zinazofuata geuza udongo, ongeza samadi, na siku ya 30 unasia tena. Kufikia hapo tuta la pili limeisha na la tatu linaanza kung'olewa. Matuta kumi, siku thelathini, hakuna siku ya kukosa mboga. Mwenye matano asie kila baada ya siku sita, na kila tuta alivune kwa siku sita, akianza siku ya 21. Fungu litakuwa dogo lakini litafika.

Andika tarehe kwenye kipande cha ubao na ukichomeke kichwani mwa tuta. Kichwa chako usikiamini.

Hatua ya 5: Viwavi

Ukiona majani yamekunjwa kwa utando, kuna kiwavi ndani. Twanga nusu kilo ya mbegu kavu za mwarobaini, loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni ya maji kidogo, nyunyizia jioni. Dawa kali za dukani mimi sitii: mboga ya wiki tatu haina muda wa kusubiri sumu iishe.

Hatua ya 6: Kuuza

Mchuuzi akija shambani atataka kununua tuta zima kwa kukadiria kwa macho. Mara ya kwanza mkatalie. Vuna tuta moja mwenyewe, hesabu mafungu, ndipo utajua akitaja bei anakulipa au anakuonea. Mimi huuza kwa akina mama wanne wa genge, wale wale. Nang'oa alfajiri, naosha mizizi, nafunika kwa gunia bichi, na saa moja niko mjini. Kukopesha nakopesha, kwa daftari: mzigo wa leo unalipwa nikileta wa kesho. "Shikamoo mama, hela ya jana ipo?" Isipokuwepo, nampunguzia mzigo kwa makusudi siku hiyo, bila ugomvi.

Miche ishirini minene iache pembezoni itoe mbegu. Mashuke yakikauka, yapige juu ya mkeka, peta, weka kwenye chupa kavu. Za dukani sijanunua tena.