Waya wa printa mapokezini, na jinsi ya kuufungia mlango

Ofisi moja ya mawakili ninayoihudumia Upper Hill, Nairobi, imeweka printa yake mapokezini, hatua mbili kutoka kiti cha wageni. Wenyewe walikuwa wakihofia karatasi zinazosahaulika juu yake. Mimi nilihofia waya wake wa mtandao. Mgeni anayengoja kuitwa angeweza kuuchomoa, akauchomeka kwenye laptopu yake, na kabla chai haijaletwa yuko ndani ya mtandao mmoja na faili za wateja. Tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, jambo kama hilo likitokea ni kesi.

Dawa yake ni 802.1X, utaratibu wa IEEE, chama cha wahandisi kinachoweka viwango vya mitandao, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2001. Swichi, kile kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao wa ofisi, inakuwa kama soja wa geti: kifaa kikichomekwa, hakipiti hadi kijitambulishe. Soja mwenyewe haamui kitu. Anauliza ndani, kwa seva ya RADIUS, nayo ndiyo inayosema apite au arudi.

Kosa la wengi ni kuanza na soja. Nami nimelifanya. Ijumaa moja saa tisa alasiri niliwasha ulinzi kwenye swichi kabla printa haijapata kitambulisho chake. Mahakama za Nairobi zinapokea kesi kwa mtandao tangu 2020, lakini mawakili bado wanachapisha kila kitu, na siku hiyo foleni ya hati ilikuwa ndefu. Karani akanijia: “Wewe fundi, leo umetumaliza.” Kwa hiyo swichi iguse mwisho kabisa.

Anza na printa. Chapisha ukurasa wa mipangilio upate anwani yake ya IP, iandike kwenye kivinjari, uingie. Badilisha nenosiri la msimamizi, maana lile la kiwandani linajulikana na kila mtu. Sasisha programu yake ya ndani. Zima Telnet na FTP, njia za zamani zisizo na usimbaji, kama hazitumiki.

Sasa saa, na hapa usiharakishe. Kitambulisho cha printa ni cheti cha kidijitali, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Printa inayodhani bado tuko miaka ishirini nyuma itakikataa cheti cha seva, ikiamini hakijaanza kutumika. Ubaya ni kwamba printa nyingi huchukua saa mtandaoni, na mtandaoni haziingii kabla ya kuthibitishwa. Kwa hiyo weka saa kwa mkono, saa za Nairobi zikiwa UTC+3, kisha chomoa printa kwenye stima uiache hivyo usiku kucha. Asubuhi iwashe uangalie. Ikiwa imepoteza saa, kila stima itakapopotea kwa muda mrefu utapigiwa simu. Printa ya namna hiyo heri uiweke kwenye UPS, betri ya akiba, au uipe njia ya PEAP, ya jina na nenosiri, isiyohitaji cheti chake yenyewe. Lakini hata PEAP, ukiiagiza ihakiki cheti cha seva, bado itataka saa sahihi.

Saa ikitulia, nenda kwenye menyu ya usalama utengeneze ombi la cheti. Andika jina kamili la printa, chagua ufunguo wa RSA wa biti 2048. Ufunguo wa siri unabaki ndani ya printa. Kinachotoka ni ombi tu. Lipeleke kwa seva ya vyeti ya ofisi, ile inayovisaini na kuvitoa, na hakikisha cheti kinachotolewa kinaruhusiwa kutumika kuthibitisha mteja. Cha tovuti pekee hakifai, na kosa hilo limewahi kunila nusu siku. Usibonyeze kitufe cha ombi mara ya pili kabla cheti hakijarudi, kwa sababu kwenye printa nyingi ombi jipya huja na ufunguo mpya na cheti kilichosainiwa kwa ombi la kwanza hakitaingia. Pandisha cheti, kisha pandisha na kile cha seva ya vyeti, ili printa nayo imtambue anayeiuliza.

Kwenye RADIUS kazi ni fupi: sajili anwani ya swichi na neno la siri lao wawili, ruhusu UDP 1812, mlango ambao RADIUS hupokelea maswali, andika sera ya EAP-TLS, yaani kujitambulisha kwa cheti, inayoitupa printa kwenye VLAN, mtandao uliotengwa, ya printa peke yake. Ukitumia NPS, RADIUS ya Windows, fungua akaunti inayolingana na jina lililo kwenye cheti. Isiwe akaunti ya mfanyakazi. Akiacha kazi, akaunti hufungwa, na printa huondoka naye.

Rudi kwa printa, washa 802.1X, chagua EAP-TLS, andika jina lilelile herufi kwa herufi. Sasa ndipo uende kwa swichi, poti moja tu. Iruhusu kifaa kimoja, vinginevyo mtu ataweka kiswichi katikati na kupitia mgongoni mwa printa. Usikubali kishawishi cha kuruhusu kwa anwani ya MAC pekee, ile namba ya kifaa kwenye mtandao: anwani hiyo imebandikwa kwenye stika nyuma ya mashine, na kuiiga ni kazi ya dakika moja.

Jaribu. Chapisha. Iache ilale, kisha chapisha tena, kwani zipo zinazokata mtandao zikilala na kushindwa kujitambulisha zikiamka. Halafu keti kwenye kiti cha wageni, chomoa waya, uchomeke kwenye laptopu yako. Isipopata kitu, umefanikiwa. Ikipata, angalia kama umegusa poti ya jirani. Namba zilizoandikwa kwenye paneli ya ukutani mara nyingi ni za fundi aliyehama zamani.

Tarehe ya cheti kuisha niliiandika kwa kalamu nyeusi ndani ya mlango wa trei ya karatasi. Karani ndiye anayeifungua kila siku, na ndiye atakayenipigia.