Embe la Juisi Hunuswa Kikonyoni

Ukitaka juisi nzito ya blenda, usikimbilie tunda linalong'aa. Sokoni kando ya Ngome ya Lamu, maembe mengi yamevuka kwa mashua kutoka Mokowe baada ya kutikiswa njiani, kwa hiyo kovu kavu la ngozi si hoja. Hoja ni kikonyo.

Kwa kazi hii embe aina ya ngowe halina mpinzani, maana halina nyuzi. Linuse pale lilipokatwa. Likinukia kabla hujalifikisha puani, ni la leo. Likiwa njano tupu na halinukii, tazama mabega: yakiwa yameinama badala ya kujaa kuzunguka kikonyo, lilichumwa changa likavundikwa, na sukari ya koponi haitalifidia. Tafuta pia nukta inayotoa maji, pembeni pamelegea. Hapo ametaga nzi wa matunda, yule wa asili ya Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, na ndani utakuta funza. Maembe madogo ya kienyeji ni matamu, lakini lazima uchuje.

Nanasi likishakatwa haliongezi utamu hata likikaa wiki. Linuse kitakoni, harufu ya kuchacha ikitoka, limepita. Kung'oa jani la taji hakuthibitishi kitu. Na usilichanganye na maziwa ukaiweka juisi: kimeng'enya chake huvunja protini za maziwa, ikawa chungu.

Pasheni chagua nzito, hata ikikunjamana. Nyepesi imekauka ndani. Ndizi ya kisukari iwe na vidoa vya kahawia.

Kwa glasi mbili: ngowe 1 kubwa, kisukari 2, pasheni 3 na maji baridi nusu kikombe. Nusu ya vipande vya embe vigandishe tangu usiku, viwe ndiyo barafu yako; barafu ya maji huipoozesha ladha. Saga embe na ndizi kwanza hadi vilainike, kisha tia pasheni na uzungushe sekunde 3 tu. Ukizidisha, mbegu hupasuka na juisi ikawa kama ina mchanga.

Ukinunua ya siku kadhaa, mwambie muuzaji, "Nipe mawili ya leo, mawili ya kesho kutwa." Ya kesho kutwa yaache nje kivulini. Embe lisiloiva likiingia kwenye friji, baridi hulizuia kuiva sawasawa, likatoka na ngozi yenye madoa na nyama isiyo na ladha.