Somo: Diorama ya kisanduku, kwa njia ya Akeley

Diorama ni mandhari iliyotengenezwa ili itazamwe kama ya kweli. Za kwanza zilikuwa rangi na mwanga tu. Mwaka 1822, Paris, Louis Daguerre na Charles Marie Bouton waliwakalisha watu gizani mbele ya turubai kubwa lililopakwa rangi. Mwanga ulipohamishwa, mandhari ilibadilika. Vinyago vidogo vya mandhari ni vya kale zaidi: Meketre, ofisa mkuu wa Misri, alizikwa karibu miaka 4,000 iliyopita na waokaji mikate wa mbao, mashua, na makarani wakihesabu ng'ombe wanaopita.

Kwangu mimi, aliyeviunganisha viwili hivi vikawa kimoja ni Carl Akeley, Mmarekani aliyehifadhi na kuunda wanyama kwa ajili ya maonyesho. Ukumbi wenye jina lake katika jumba la makumbusho ya viumbe New York ulifunguliwa 1936, na leo una mandhari 28 za Afrika, wanyama wa ukubwa wao halisi mbele ya ukuta uliopindwa na kuchorwa. Yeye hakuuona. Alifariki 1926 kwenye miteremko ya mlima Mikeno, Kongo, akiwa kazini kwa ajili ya mandhari ya gorila, akazikwa hukohuko. Sisi tutafuata mbinu zake kwa udogo: kisima cha maji nyikani, twiga na swala.

Hatua ya 1: skeli. Iamue kabla hujashika kisu: 1:35 maana yake sentimita 1 kisandukuni ni sentimita 35 za kweli. Nyumba za wanasesere huwa 1:12, vifaru na askari wa kuunda 1:35, treni ndogo 1:87. Tutumie 1:35. Twiga wa mita 5 atakuwa na sentimita 14 hivi, mtu mzima 5, mgunga wa mita 7 atafika 20.

Hatua ya 2: kisanduku. Upana sentimita 40, kimo 30, kina 30, mbele wazi. Ndani weka karatasi ya manila uipinde nusu duara, kona zisionekane. Jicho likikuta kona, anga limekufa.

Hatua ya 3: upeo wa macho. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika, kwa hiyo twende taratibu. Mtazamaji anatakiwa ajione amesimama pale kisimani. Macho ya mtu mzima yako kama mita 1.6 kutoka chini. Kwa 1:35 ni sentimita 4.6 hivi. Piga mstari wa upeo kwenye manila kwa kimo hicho, ukipima kutoka usawa wa ardhi ya mbele. Hata manila ikipindwa, mstari huo utaonekana umenyooka, mradi jicho liwe usawa wake. Ndiyo maana kisanduku kinawekwa juu ya rafu, si juu ya meza. Ukikitazama kwa juu, twiga anarudi kuwa mwanasesere.

Anga lianze bluu iliyokolea juu, lipauke kadiri linavyoshuka. Milima ya mbali iwe ya kijivu-bluu, bila majani wala mawe.

Hatua ya 4: ardhi. Chonga povu jeupe linalokuja na televisheni, paka gundi ya mbao, nyunyiza udongo uliochekechwa. Nyasi ni nyuzi za katani zilizokatwa sentimita 2 hadi 3. Mgunga ni nyaya nyembamba zilizosokotwa.

Hatua ya 5: mshono. Nyuma inua ardhi kidogo ili ifiche mahali inapokutana na manila. Kichaka kimoja kiwe cha waya, cha pili yake kiwe cha kuchora, kwa rangi ileile. Rangi ya chini ya mchoro changanya na udongo uleule uliounyunyiza.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Wanyama wa plastiki wa dukani hawalingani, simba ana kimo cha twiga. Nifanyeje?*

Marahaba. Gawanya kimo halisi kwa kimo cha mwanasesere, utapata skeli yake. Walio wadogo zaidi wapeleke nyuma: swala wa 1:72 akisimama karibu na manila ataonekana yuko mbali. Simba huyo mwache nje.

*Kaka, mimi niko Tanga, majani halisi yanaota ukungu. Kuna dawa?*

Usiyatumie kabisa. Hata mafundi wa Akeley walitengeneza majani kwa nta. Kata ya karatasi, paka rangi, kisha vanishi isiyong'aa.

*Taa niiweke wapi?*

Juu, mbele, nyuma ya ukingo wa kisanduku ili isionekane. Kivuli cha twiga kisiguse anga: msogeze mbele sentimita kadhaa, na taa iinamie chini. Ukifunika mbele kwa kioo, kiinamishe kidogo juu kije mbele, kisirudishe sura ya mtazamaji.