Ukipata kazi ya mapokezi gereji hapa Tanga, anza hivi

Wengi wakianza mapokezi wanakimbilia kukariri majina ya spea. Hayo utayajua tu, ila kazi yenyewe ni kumsikiliza mteja na kumfikishia fundi alichosema bila kukigeuza.

Gari ikiingia salamu kwanza, hapa kwetu mtu mzima usipomwamkia hata umpe bei nzuri vipi anaondoka na kinyongo. Halafu muulize gari inafanyaje, na andika kwenye jobukadi, ile karatasi ya kazi ya gari, maneno yake mwenyewe. Juzi kaja mzee na Noah, ananiambia "mwanangu inalia ka-ka-ka nikikata kona", nikamuuliza kona tu au na kwenye matuta? Kona tu, matuta haina neno. Nikaandika hivyohivyo, fundi akaenda moja kwa moja kwenye sivijointi, kile kiungo kinachozungusha tairi hata ukikata kona, kumbe buti, yaani mpira unaoifunika, imepasuka na grisi yote imemwagika. Ningeandika "inagonga chini" angeanza na bushi na stabilaiza linki, maana hizo ndo hugonga kwenye matuta, mzee angelipia spea isiyo na kosa na kelele ingebaki palepale.

Kabla hajaacha funguo zunguka nae gari, mikwaruzo, kilomita, mafuta yamefika wapi, jeki na spea tairi vipo? Piga picha mbele yake. Gari zinazolala karibu na bahari, kina Raskazone huko, angalia na chini, chumvi inakula chuma na bolti yenye kutu inaweza kukatika fundi akifungua. Mwambie mapema.

Bei usitaje kabla gari haijafunguliwa, hata akikubana vipi. Mpe gharama ya kukagua tu, basi. Fundi akikuta tatizo jingine kazi isimame, mtumie picha wasap, mpigie, umpe bei ya orijino na ya mtumba achague mwenyewe. Spea kama inatoka Dar sema inatoka Dar, usimwambie kesho asubuhi wakati unajua haifiki, mtu wa teksi siku moja bila gari ni chakula cha watoto hicho jamani.

Akija kuchukua muoneshe spea iliyotoka, halafu kaeni wote kwenye gari ashike usukani mwenyewe. Yule mzee alikata kona yote kushoto, akakata kulia, akazima redio akarudia tena, kimya. Ndo akatoa hela.